Posa ya Mtu wa Picha

Mwanamke akija kuposwa hakai barazani. Hivyo ndivyo Shifa alivyolelewa kwao Malindi, Unguja, na hivyo ndivyo Shangazi Fathiya alivyomkumbusha Ijumaa ile mchana alipomsukumia jikoni na kuvuta pazia.

"Kaa humo ukoroge mchuzi wako, uwaache wanaume wazungumze," alimwambia. "Ukisikia la kukuudhi, meza."

Shifa akakaa. Kukaa hakukumshinda. Kumeza ndiko kulikokuwa na kazi.

Mkahawa wa Shangazi Fathiya uko juu ya maduka ya mabegi, pale barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji huu wa Wachina, na siku za Ijumaa baada ya sala hupati pa kuweka kiwiko. Leo ulifungwa kwa ajili ya shughuli. Wateja waliopanda ngazi kwa harufu ya pilau walikutana na Shangazi mwenyewe mlangoni akiwapungia mkono, "Mei you! Leo mei you, hakuna, njooni jioni!" nao wakashuka wakinung'unika kwa lugha zote za Afrika.

Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Shifa akasogea hapo, mwiko mkononi, akachungulia. Mezani alikaa Ami Abubakary, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake, mtu wa kupakia makontena bandarini Huangpu, ambaye wafanyabiashara wote wa Zanzibar na Dar pale mjini humwamkia kwa adabu. Mbele yake, juu ya kiti cha plastiki kilichomzidi kwa udogo, alikaa Lucas.

Amevaa kanzu. Kanzu yenyewe imemfupia, vifundo vya miguu viko nje, na kofia imekaa kama imewekwa na upepo. Shifa alitaka kucheka na alitaka kulia, yote kwa pamoja. Mapenzi hayana adabu. Humjia mtu hata pale anapotakiwa kuogopa.

Walikutana mwaka uliopita Pazhou, msimu wa maonesho ya biashara. Yeye Shifa alikuwa akichagua mapazia ya kupeleka nyumbani, na mzungu mmoja mrefu akamfuata na kamera akimwomba ruhusa ampige picha za filamu. Shifa akamjibu kama anavyowajibu wauzaji wasumbufu: "Bu yao." Sitaki. Akaomba tena, akajibiwa tena bu yao. Ndipo yule mtu akaifunika kamera, akaiweka mgongoni, akambebea Shifa mifuko ya sampuli mpaka kituo cha treni bila kusema neno. Walipofika ndipo alipofungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili: "Dada, umechoka. Kaa kwanza, treni haikimbii." Kuanzia siku ile Shifa hakuwa na usingizi wa maana. Picha alikuja kumruhusu mwenyewe, na Ramadhani ilipoingia Lucas akaenda msikitini akasilimu, kamera akiiacha nyumbani. Shifa alihakikisha.

"Haya, bwana Lucas," Ami alianza. "Umekuja kuposa bila mshenga. Kwetu hilo ni kosa, lakini tunakusamehe kwa ugeni wako. Kazi yako nini?"

"Shikamoo, mzee wangu," Lucas alisema kwa mara ya tatu.

"Marahaba, nshaitikia. Kazi yako nini?"

"Mimi ni mwongozaji wa filamu. Filamu za watu wa kweli, siyo za kuigiza." Alikuwa akikunja na kukunjua vidole. "Ya kwanza nilitengeneza nikiwa kijana, ndugu wawili waoka mikate katika mji mdogo wa kaskazini kwetu Uingereza. Nikapata tuzo ya mwongozaji chipukizi. Ya pili ni ya kwaya ya wazee, wote walikuwa wachimba makaa ya mawe. Hiyo ilishinda tuzo mbili Ulaya. Ya tatu ni ya manesi wa Kiafrika wa hospitali moja ya Leeds. Hiyo ilishinda..." akasita kidogo, "ilishinda karibu kila mahali. Na Jumapili hii wananipa tuzo ya heshima London, kwa kazi zangu zote. Nilitaka nikienda, niende na jibu lenu. Mungu akipenda, niende na Shifa mwenyewe."

Moyo wa Shifa uliruka. Halafu akaona kile Lucas alichokuwa akikitoa kwenye begi, akafumba macho. Mtu huyu hakuambiwa? Hakuuliza?

Lucas aliweka mezani, katikati ya sahani ya kashata na birika la chai, sanamu ya shaba ya mwanamke aliyeinua mikono.

"Hii ndiyo ya filamu ya manesi," alisema kwa fahari ya mtoto. "Nimeileta muione."

"Astaghfirullahi," alisema Shangazi Fathiya, akaiondoa kashata isikaribiane nayo.

Ami Abubakary hakupandisha sauti. Aliinyanyua ile sanamu, akaipima mkononi, akaigeuza chini kutazama kitako chake kama anavyotazama bidhaa zote.

"Bwana Lucas, umemletea Mwislamu sanamu nyumbani siku ya kuposa. Haya, na hilo nalo ugeni. Lakini nikwambie la biashara. Wazee wetu wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila msimu nakwenda Pazhou. Laoban, mwenye kiwanda, anakukaribisha, anakupa chai, anakuwekea mezani sampuli inayong'aa mpaka unajiona uso. Mimi sinunui sampuli. Mimi nakwenda kiwandani kwake, halafu nawatafuta waliowahi kufanya naye biashara, nawauliza neno moja tu: huyu laoban, akishapata alichokitaka kwako, simu anapokea?"

Akairudisha sanamu mezani.

"Hii ni sampuli. Na watu wako wa zamani nimewatafuta."

Shifa aliona uso wa Lucas ukibadilika. Lilikuwa jambo dogo, jicho tu lililokwenda pembeni, lakini mwanamke anayependa huona na lisilotaka kuonwa. Akaushika mwiko kwa nguvu.

Kupeleleza mposaji si jambo la ajabu. Kwao Unguja wangeuliza msikitini kwake, wangeuliza majirani, wangemuuliza hata muuza kahawa wa mtaani. Lakini mtu ambaye majirani zake wamo ndani ya filamu utamuulizia wapi? Ami alijua pa kuuliza. Rafiki yake wa Mombasa ana shemeji Leeds, na shemeji anamfahamu nesi mmoja wa Bukoba. Akaweka simu mezani, akapiga, akafungulia sauti ili wote wasikie.

"Haloo? Shikamoo mzee wangu," ikaja sauti ya mwanamke, nzito kwa uchovu. "Samahani, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku."

"Marahaba, binti Anastazia. Yule bwana niliyekwambia jana yupo hapa mbele yangu. Anasikia."

Sauti ya mwanamke ikauliza: "Lucas?"

"Anastazia," Lucas alisema.

"Kumbe uko mzima. Mimi nilidhani umekufa, jamani. Mtu ukimpigia mwaka mzima asipokee, utadhani nini?"

"Anastazia, mimi..."

"Ngoja niseme, maana mzee ameniuliza." Sauti ilitulia. "Mzee wangu, huyu kaka alikaa kwangu. Amekula kwangu. Hicho Kiswahili anachowasemesha ninyi hapo nilimfundisha mimi, jikoni kwangu, nikimenya ndizi. Siku nilipopigiwa simu kwamba mama amefariki Bukoba, kamera ilikuwa inazunguka. Nilianguka chini nikalia. Kile kilio ndicho watu wamekilipia viingilio, ndicho kimempa hayo matuzo. Sikukasirika. Alinikumbatia siku ile, alilia na yeye, sikatai. Akaniahidi filamu ikitoka atakuja tukae, tumlilie mama bila kamera. Mwanangu Emanueli alikuwa anamwita anko. Kila gari likisimama nje mtoto anakimbilia dirishani. Nikamwambia acha, baba, anko ana kazi. Mzee, mimi sidai hela. Sidai kitu. Nadai salamu tu."

Hakuna aliyegusa chai. Jikoni mchuzi ulianza kushika chini, na Shifa hakuusikia.

"Ni kweli anayosema?" Ami aliuliza.

"Ni kweli," alisema Lucas.

"Na hao waoka mikate? Na wazee wa kwaya?"

"Na wao pia. Wazee wawili wamekufa, nimesoma tu kwenye mtandao." Aliinua macho, akayaelekeza kwenye kidirisha cha sahani, kana kwamba alijua tangu mwanzo ni nani aliyesimama nyuma yake. "Sikuwasahau. Nilikuwa naona haya. Nikipewa tuzo najisikia kama nimevaa nguo ya mtu. Nasema nitapiga kesho. Halafu inakuja tuzo nyingine, na haya inazidi, na kupiga kunakuwa kugumu zaidi. Sina utetezi, mzee wangu."

"Basi tumemaliza," alisema Ami Abubakary, na akaegemea kiti akiwa ameridhika. "Posa yako tunairejesha kwa heri. Leo mwanangu Shifa ni filamu. Kesho filamu ikiisha na yeye atakaa dirishani."

Moyo ulimuuma Shifa. Tusifiche, ulimuuma vibaya. Hakuumia kwa maneno ya ami yake. Aliumia kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wa mtu usiyekubaliana naye una makali yake. Alimwona Emanueli asiyemjua, amebandika uso kwenye kioo. Alijiona na yeye. Na bado, yule mwanamume wa kanzu fupi aliyeinamisha kichwa bila kujitetea alikuwa ndiye yule yule aliyeifunika kamera Pazhou. Mtu mmoja alikuwa hao wote wawili. Ingekuwa rahisi lau angekuwa mmoja wao tu.

Angeweza kumeza. Alishawahi kumeza. Alipokuwa na miaka ishirini walimwoza kwa mtoto wa rafiki wa Ami, mtu wa Chake Chake, watu wazuri, familia inajulikana. Alikaa jikoni nyuma ya pazia kama hili, hakuuliza kitu, na ndoa haikufika mwaka wa pili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na safari hii nguo alizivua mwenyewe.

Akazima jiko, akavuta pazia, akatoka.

"Shifa!" Shangazi Fathiya alisimama. "Rudi ndani, unatutia aibu!"

"Shangazi, aibu ipo hapo mezani, haijaletwa na mimi." Alisimama mwisho wa meza, ushungi umekaa sawa, mkono mmoja bado na mwiko. "Ami, samahani. Hamjamaliza."

"Mimi ndiye walii wako na mimi nshasema."

"Wewe ndiye walii wangu na nakuheshimu. Lakini ndoa ya kwanza mlinichagulia nyinyi, nikasema ndiyo bila kuuliza mtu hata jina la mama yake. Mwanamke akishaolewa akaachwa haozwi tena kama mwari, anaulizwa kwa ulimi wake. Sheria hiyo hukuitunga wewe wala mimi. Mbona hujaniuliza?"

"Nikuulize nini? Hukusikia yaliyosemwa?"

"Nimesikia kila neno. Na nakushukuru kwa kumtafuta dada huyu, maana mimi sikuwa na akili ya kumtafuta. Sasa nijibu: mahari ya mwanamke anataja nani?"

Ami alijua alikokuwa akipelekwa na hakupapenda.

"Anataja mwenyewe," alisema Shangazi Fathiya polepole, na akaketi tena.

"Mahari hutajwa posa ikikubaliwa!" Ami alisema.

"Na mimi nimekubali, kwa mahari nitakayoitaja. Akiitoa, nitaolewa naye. Asipoitoa, hakuna ndoa, na wewe utakuwa umeshinda bila kunikataza. Ukinizuia kabla ya hapo, Ami, nitakwenda kwa kadhi kule Mwanakwerekwe, Unguja, nikamuulize mbele yako."

"Unanitisha kwa kadhi? Mimi?"

"Wewe, Ami yangu ninayekupenda."

Shifa akamgeukia Lucas. Ndiyo mara ya kwanza siku ile macho yao kukutana bila ukuta katikati, na ilibidi asimame imara, maana macho yale ya kijivu yalikuwa na maji, na mkono wake wenyewe ulitaka kwenda kumpangusa.

"Usiniangalie hivyo," alimwambia. "Nikikuonea huruma nitaharibu kazi. Sanamu hii ulipewa kwa kilio cha nani?"

"Cha Anastazia."

"Basi kwa nini ipo mezani kwetu? Mpelekee mwenyewe." Akaisukuma kwa ncha ya mwiko mpaka mbele yake. "Mahari yangu sitaki dhahabu wala samani. Nataka uwarudie. Anastazia kwanza, halafu waoka mikate, halafu hao wazee wa kwaya waliobaki, na waliokufa uende makaburini kwao. Ukae nao, ule kwao, ulie nao kama ulivyoahidi. Huendi na kamera. Kila mmoja aniletee salamu kwa mdomo wake, kwa simu, mimi nizisikie. Salamu hizo ndizo mahari yangu."

"Salamu ni mahari?" Ami alisema kwa hasira iliyoanza kukosa miguu. "Salamu unazipima kwa mizani gani?"

"Kaka," alisema Shangazi Fathiya, "mtu katajiwa bei na mwenye mali. Na wewe si unajua bei ikishatajwa dalali hunyamaza?"

Simu ilikuwa ingali wazi. Shifa akainama juu yake.

"Dada Anastazia, naitwa Shifa. Hunijui. Jumapili uko nyumbani?"

Pumzi ikasikika. "Nipo. Jumapili sina zamu."

"Mgeni wako akija, utamfungulia?"

Shifa akasogeza sikio karibu na simu.

"Aje," alisema Anastazia hatimaye. "Nitapika ndizi. Ila hiyo kamera yake aiache huko huko."

"Jumapili," Lucas alisema. Uso ulimpauka. "Shifa, Jumapili ndiyo tuzo. Ni kazi yangu yote, miaka ishirini. Niende kwa Anastazia Jumatatu. Nakuapia, Jumatatu asubuhi."

"Kesho yako hiyo nimeshaisikia," Shifa alimwambia. "Ndiyo hiyo iliyomweka mtoto dirishani. Jumapili unasubiriwa na ukumbi mzima wa kukupigia makofi, na nyumba moja iliyopikiwa ndizi. Chagua. Sitakukasirikia ukienda ukumbini. Nitarudi jikoni nimalize mchuzi wangu, na wewe utabaki na sanamu mbili."

Chini, barabarani, magari yalipiga honi. Lucas alitazama sanamu, akamtazama Ami, akamtazama Shifa. Liwalo na liwe, Shifa alijiambia. Mwanamume wa nusu nilishapewa mara moja.

Kisha Lucas akatoa simu yake mfukoni, akawapigia waandaaji wa tuzo. Alizungumza Kiingereza, lakini Shifa amefanya biashara miaka minane na hakuhitaji mkalimani. Alisikia akisema hatakuwepo Jumapili. Alisikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikipanda, ikiuliza kama ni mgonjwa, kama amerukwa na akili, kama anajua tuzo ile mtu hupewa mara moja tu maishani. Alimsikia Lucas akisema anajua, na kwamba wakimpa mtu mwingine hatakasirika. Akakata simu.

"Wanasema hawatanialika tena," alisema kwa Kiswahili.

"Anastazia amekualika," Shifa alimjibu.

Lucas akacheka, cheko fupi lililovunjika katikati. Akaivua kofia, akaivaa tena, akamwinamia Ami, akamwinamia Shangazi. Sanamu akaichukua kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba kitu cha kurudisha kwa jirani. Mlangoni akageuka.

"Shifa, nikirudi..."

"Ukirudi utanikuta. Nenda, usikose ndege. Sikusindikizi."

Alitaka kumsindikiza. Alitaka kushuka naye ngazi zile, amshike mkono mbele ya wauza mabegi wote wa Huanshi Zhonglu, na wamseme wanavyotaka. Badala yake alisimama pale pale, akasikiliza hatua zake zikishuka mpaka zikapotea kwenye kelele za barabara, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Hakuyapangusa. Kwani si yake mwenyewe?

Shangazi Fathiya alimvutia kiti. Ami Abubakary alimimina chai iliyokwishapoa, akaionja, akaiweka. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu aliyemlea, si ya walii.

"Mwanangu, nimekaa na watu wa kila taifa katika mji huu. Mtu anayekimbia, hukimbia tena. Ungeniachia mimi nimkatae, lawama ningebeba mimi. Sasa umemwachia yeye mlango, na mji mzima utajua. Asiporudi utasema nini?"

Shifa aliinua kichwa, macho mekundu, na akatabasamu.

"Asiporudi, Ami, mnicheke. Mnicheke mpaka mchoke. Lakini safari hii nitakuwa nimeachwa na mwanamume niliyemchagua mwenyewe."